Ndege Aliyehama Ndani ya Ramani Yake

Kwa siku tatu za mwezi Aprili 2014, watu wa kujitolea walitawanyika katika jimbo la California, magharibi mwa Marekani, wakihesabu ndege wa aina moja tu. Walipojumlisha walipata ndege wapatao 145,000. Hesabu kama hiyo ya mwaka 2011 ilikuwa imetoa takriban 259,000, na ile ya 2008 takriban 395,000. Kwa maneno mengine, ndani ya miaka sita karibu ndege wawili katika kila watatu hawakuonekana tena. Hata hivyo, ukichukua ramani ya maeneo anamopatikana ndege huyo ilivyokuwa miaka ya 1930 na ukailaza juu ya ramani ya leo, mipaka haipishani sana, na pale inapopishana upande wa kaskazini ni ramani ya leo iliyo pana zaidi. Ndege wanapungua, ramani haipungui. Ili kuuelewa mkanganyiko huo inabidi kwanza tumjue ndege mwenyewe, kwa sababu hakai kama ndege wengi tuliowazoea.

Wataalamu humwita Agelaius tricolor. Kiswahili hakijampa jina, basi humu nitamwita rangitatu, kwa kufuata maana ya jina lake la Kilatini. Dume ni mweusi tii, mwenye bega jekundu lililopakana na ukanda mweupe. Ukanda huo ndio unaomtofautisha na ndugu yake Agelaius phoeniceus, ambaye hujaa karibu kila bwawa la Amerika Kaskazini na ambaye ukanda wake ni wa manjano. Jike ana rangi ya kahawia iliyokoza yenye michirizi. Aina zote mbili zimo katika kundi la ndege waimbao, ingawa wimbo wa rangitatu hauna utamu wowote: ni sauti ya puani, inayofanana na kilio cha paka aliyebanwa mlangoni. Zaidi ya asilimia 95 ya rangitatu wote duniani wako California. Wachache waliosalia wako Oregon, Washington, Nevada na katika rasi ya Baja California nchini Meksiko.

Kinachomtenga na ndugu zake ni jinsi anavyozaliana. Dume wa Agelaius phoeniceus hujitwalia eneo kubwa la bwawa na kumfukuza kila dume mwingine anayelikaribia. Dume wa rangitatu hutetea mita mbili au tatu tu za mraba, ndani yake wakiwamo majike wawili au zaidi, na jirani yake huanza palepale anapoishia yeye. Jike huokota jani refu lililolowa maji ya tope, akalizungusha kwenye mabua mawili matatu ya matete yaliyosimama, akarudi kuchukua jingine. Majani hayo yakikauka hukaza kama kamba iliyofungwa mbichi, na ndani ya kikapu hicho hutandika nyasi laini. Kazi yote humchukua siku nne hivi. Kiota cha jirani kinaweza kuwa nusu mita tu kutoka kwake. Kwa namna hiyo ndege elfu kumi, ishirini, hata themanini hutua mahali pamoja, wakajenga pamoja na kutaga pamoja, karibu wote ndani ya wiki moja. Mayai ni matatu au manne, huanguliwa baada ya siku kumi na moja au kumi na mbili, na makinda hutoka kiotani kabla hayajatimiza wiki mbili.

Makazi hayo ya pamoja huitwa koloni la viota, na faida yake ni ya hesabu tu. Nyoka, kunguru au kayoti, ambaye ni mnyama wa jamii ya mbweha, ana tumbo moja. Ikiwa mayai yote yako tayari kwa siku chache zilezile, wezi wote wa eneo hilo hushiba muda mrefu kabla hawajamaliza, na sehemu kubwa ya makinda huruka salama. Koloni likiwa dogo hesabu hiyo hugeuka: wezi ni walewale, mayai ni machache, na hakuna kinachobaki. Ndege wa namna hii hana njia nzuri ya kuwa mchache.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kumwelewa rangitatu kwa haraka kuliko Mmarekani wa mjini, kwa sababu sisi tunamjua kwelea kwelea. Yeyote aliyewahi kupanda dunguni kuamia mpunga, akipiga madebe tangu alfajiri, ameona jinsi wingu la ndege linavyotua mahali ambapo jana hapakuwa na hata mmoja. Kwelea hana nyumbani. Hufuata mvua, hujenga viota kwa maelfu mahali nyasi zilipoanza kutoa mbegu na wadudu ni wengi, akimaliza huruka mamia ya kilomita kufuata mvua ilikoelekea, na huko huzaliana tena katika msimu uleule. Rangitatu hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Mwaka 1998 mwanaikolojia William Hamilton wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alieleza kwamba ndege wengi huanza kuzaliana mwezi Machi na Aprili katika Bonde la San Joaquin, ambalo ni nusu ya kusini ya Bonde Kuu la California, kisha huhamia kaskazini kwenye Bonde la Sacramento na kuzaliana mara ya pili kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo kumuuliza mtaalamu rangitatu anaishi wapi bila kutaja mwezi ni swali pungufu.

Tofauti kubwa kati ya wawili hawa ni ukubwa wa uwanja. Kwelea, ambao hukadiriwa kuzidi bilioni moja, wana bara karibu zima la kuzungukia, na serikali zetu hutuma ndege za kunyunyizia sumu bila kuona upungufu wa kudumu. Rangitatu ana bonde moja lenye urefu wa kilomita 700 hivi na vilima vinavyolizunguka. Bonde hilo likibadilika, hana bonde la pili.

Na limebadilika kuliko karibu bonde lolote lingine duniani. Katikati ya karne ya 19 lilikuwa nchi ya ardhioevu: mito iliyotoka milima ya Sierra Nevada ilifurika kila majira ya kuchipua, na kusini kulikuwa na Ziwa Tulare, ambalo kwa eneo lilikuwa ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi magharibi mwa Mto Mississippi. Wasafiri wa miaka ya 1850, kama daktari na mkusanya ndege Adolphus Heermann, waliandika kuhusu makundi ya majira ya baridi yaliyotia giza angani. Mito ilizuiwa kwa mabwawa, maji yakaelekezwa mashambani, ziwa likakaushwa likawa mashamba ya ngano na pamba, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhioevu ya bonde ikatoweka. Ziwa Tulare lilirudi kwa muda mwaka 2023 baada ya mvua na theluji nyingi, likafunika makumi ya maelfu ya hekta, na wenye mashamba wakakumbuka ghafla kwamba wanalima chini ya ziwa.

Miaka ya 1930 Johnson Neff, mtaalamu wa wanyamapori wa serikali ya Marekani, alizunguka bonde hilo akitafuta makoloni. Mwaka 1934, katika kaunti nane tu, alikadiria zaidi ya ndege wazima 700,000. Koloni moja katika kaunti ya Glenn lilikuwa na viota zaidi ya 200,000 katika hekta 24. Koloni la ukubwa huo halijaonekana tangu wakati huo. Na ieleweke kwamba Neff alikuta bonde ambalo tayari lilikuwa limekaushwa kwa sehemu kubwa, na ndege ambao tayari walikuwa wanawindwa kwa mamia ya maelfu, wakichanganywa na ndege weusi wengine, ili kuuzwa sokoni kama kitoweo. Wakulima wa mpunga nao walitumia sumu. Mwaka 1932 iliripotiwa kwamba ndege wapatao 30,000 waliokuwa wakizaliana waliuawa kwa strikinini katika jaribio moja la kilimo. Namba tunazozililia leo zinapimwa dhidi ya namba ambazo zenyewe zilikuwa masalia.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu ndege hakufa pamoja na matete yake. Alihama. Hakuhama nchi wala jimbo, alihama mmea. Anachokihitaji ni vitu vitatu vilivyo karibu: maji, kichaka ambacho adui hawezi kukipenya kwa urahisi, na nyika au mashamba yenye wadudu ndani ya kilomita chache. Matete yalitimiza sharti la kichaka, lakini si matete pekee yanayoweza. Vichaka vya miba vinaweza, na shamba zito la nafaka linaweza pia.

Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walianza kukuta makoloni makubwa kuliko yote yakiwa katika mashamba ya tritikali, nafaka iliyopatikana kwa kuchanganya ngano na nafaka ndugu yake iitwayo rai, ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa San Joaquin huipanda ili kutengeneza saileji, yaani malisho mabichi yanayovundikwa ili yasiharibike. Kwa macho ya rangitatu, shamba hilo ni bwawa: mabua marefu, mabichi, yaliyobanana, yenye unyevu chini, na jirani yake kuna zizi lenye nafaka za ng'ombe zilizomwagika. Miaka mingine karibu nusu ya rangitatu wote waliokuwa wakizaliana mwanzoni mwa majira walikuwa katika makoloni machache ya mashamba ya namna hiyo. Tatizo ni kalenda. Saileji nzuri hukatwa punje zikiwa bado laini kama unga uliokandwa, yaani Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hizo ndizo wiki ambazo viota vimejaa mayai na makinda yasiyoweza kuruka. Mashine ya kukata humaliza shamba kwa siku moja. Ndege wazima huinuka na kuzunguka juu, makinda husagwa pamoja na malisho, na kila kilichokwepa kisu huliwa na korongo na kunguru kabla ya jua kuzama. Hesabu ya wingi iliyomlinda dhidi ya nyoka haimsaidii hapa, kwani mashine haishibi.

Ni rahisi kumlaumu mfugaji, na waliomlaumu hawakukosa sababu, lakini mtu aliyewahi kulisha ng'ombe atauona upande wake pia. Tritikali ikicheleweshwa kwa wiki tatu au nne hukomaa, protini hushuka, mabua hugeuka makavu, na mahindi yaliyokuwa yapandwe baada yake huchelewa pia. Hasara hiyo ni ya fedha na ni yake peke yake, ilhali ndege ni wa watu wote. Ndiyo maana njia iliyofanya kazi imekuwa ya kulipa. Mwaka 2015 serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya hifadhi ya maliasili za kilimo, ilitenga dola milioni 1.8 kwa mpango wa pamoja na Audubon California, shirika la uhifadhi wa ndege, na vyama vya wafugaji: mfugaji anayekuta koloni shambani hutoa taarifa, hungoja makinda yaruke, kisha hufidiwa. Mpango huo umeokoa makoloni ambayo kila moja lilikuwa na maelfu ya ndege, na kwa maoni yangu ni jambo lililofanikiwa kuliko yote katika habari hii.

Lakini kuokoa kiota si sawa na kulisha kinda. Robert Meese, pia wa Davis, alifuatilia makoloni makubwa kati ya mwaka 2006 na 2011 na kukuta kwamba mengi, hata yale ambayo hayakuguswa na mashine, yalitoa chini ya kinda mmoja kwa kiota. Palipokuwa na wadudu wengi makinda yalikuwa mengi, na palipokosekana wadudu yalikuwa haba. Ndege mzima anaweza kuishi kwa nafaka za zizini, ila kinda wa siku za mwanzo hawezi. Anataka panzi, viwavi na kereng'ende, na jike mwenyewe anawahitaji wadudu hao ili atengeneze mayai. Nyika na mashamba ya alfalfa yaliyokuwa yakizalisha panzi yamegeuzwa kuwa mashamba ya lozi, pistachio na zabibu. Lozi peke yake imeshachukua zaidi ya ekari milioni moja za California. Shamba la tritikali unaweza kulichelewesha, lakini shamba la mlozi hukaa miaka ishirini na zaidi bila kumpa rangitatu mahali pa kujenga wala panzi wa kulisha. Dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi nazo zinashukiwa, kwa kuwa kuenea kwake kumeendana na miaka ya uhaba huo, ingawa ni vigumu kutenganisha athari yake na ile ya nyika kugeuzwa.

Kuna adui mwingine ambaye msomaji wetu atashangaa kumkuta huko: yangeyange. Ndiye huyuhuyu tunayemwona nyuma ya ng'ombe malishoni. Mwishoni mwa karne ya 19 yangeyange walivuka Atlantiki kutoka Afrika hadi Amerika ya Kusini, katikati ya karne ya 20 wakawa tayari wanajenga Florida, na muda si mrefu wakafika California, ambako mazizi makubwa ya maziwa yaliwapokea vizuri. Katika kaunti ya Tulare, kati ya mwaka 2006 na 2011, waligundua kwamba koloni la rangitatu ni sinia lililoandaliwa. Tofauti na nyoka, yangeyange huja kwa mamia na hurudi kila siku, na kuna makoloni waliyoyafuta karibu yote.

Sasa tunaweza kurudi kwenye ramani. Kati ya mwaka 2008 na 2014, idadi katika Bonde la San Joaquin ilishuka kwa zaidi ya robo tatu, na pwani ya kati karibu ndege wote walitoweka. Katika miaka hiyohiyo, kwenye vilima vya chini ya Sierra Nevada, mashariki mwa mji wa Sacramento, idadi iliongezeka zaidi ya maradufu. Huko makoloni mengi yako ndani ya vichaka vya miba vya Rubus armeniacus, mmea unaoitwa huko kwa jina la Himalaya ingawa asili yake ni pande za Armenia, ulioletwa Marekani karne ya 19 kwa ajili ya matunda yake na ambao leo hung'olewa kama gugu vamizi. Miba yake inamzuia kayoti, na vilima vinavyozunguka bado ni nyika za malisho zenye panzi. Watafiti waliolinganisha walikuta viota vya miba hiyo vikifanikiwa kuliko vya matete yaliyosalia. Kwa hiyo mhifadhi anayeng'oa gugu ili kurudisha mimea ya asili anaweza kuwa anabomoa nyumba ya ndege wa asili, na ubaya zaidi ni kwamba vilima hivyo viko kwenye njia ya mitaa mipya inayopanuka kutoka Sacramento.

Upande wa kusini, kuanzia Los Angeles hadi San Diego, ambako karne ya 19 alielezwa kuwa miongoni mwa ndege wengi kuliko wote, amebaki mabaka mabaka. Upande wa kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990, alikutwa akizaliana Washington, na mashariki Nevada. Hiyo ndiyo nyongeza ya ramani niliyoitaja mwanzoni. Ni makoloni machache ya makumi au mamia ya ndege. Kwenye ramani yanachukua nafasi kubwa, kwenye jumla ni kama tone.

Hesabu zenyewe zina utata wake. Hesabu ya 1994 ilitoa ndege wapatao 370,000, ya mwaka 2000 ikatoa 162,000 hivi, na ile ya 2008 ikapanda hadi 395,000. Hakuna ndege anayeweza kuongezeka hivyo huku makoloni yake mengi yakikosa makinda. Kilichobadilika zaidi ni idadi ya wahesabuji na ujuzi wao wa mahali pa kutafuta. Koloni moja lenye ndege 50,000 likikosekana kwa sababu limo ndani ya shamba la mtu asiyefungua geti, jumla ya jimbo zima huyumba. Kwa sababu hiyo mimi huziamini zaidi hesabu za kuanzia 2008, zilizofanywa kwa utaratibu unaofanana. Hesabu ya 2017 ilifikia 177,000 na ushei, nafuu ndogo kuliko anguko lililoitangulia.

Utata huo umeingia hadi kwenye sheria. Orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimweka rangitatu katika daraja la hatari kubwa tangu mwaka 2006. California ilimpa ulinzi wa dharura Desemba 2014, ulipokwisha muda wake mwaka uliofuata akabaki bila ulinzi huo kwa miezi kadhaa, akapewa tena ulinzi wa muda, kisha Aprili 2018 tume ya jimbo ikapiga kura kumtambua kuwa yuko tishioni. Mwaka 2019 serikali kuu ya Marekani ikaamua kinyume, kwamba hastahili kuingizwa katika orodha yake. Pande hizo hazikuwa zikibishana kuhusu namba. Walioangalia kasi ya kuporomoka waliona hatari, na walioangalia kwamba bado kuna zaidi ya ndege laki moja, wanaoweza kubadili mmea na mahali pa kujenga, waliona muda bado upo.

Sheria ya jimbo sasa inakataza kukata shamba lenye koloni, na katika hifadhi za serikali kama Delevan na Merced matete makuukuu huchomwa au kufyekwa ili yachipue upya, kwani rangitatu hupenda mabua machanga. Ugumu unaobaki ni kwamba ndege huyu hawezi kuwekewa uzio. Shamba alimolindwa Aprili hii hupandwa mahindi Mei, naye keshafika kaskazini. Mwaka unaofuata anaweza kutua kilomita thelathini kutoka hapo, kwa mfugaji ambaye hajawahi kumwona. Ndiyo maana kila mwisho wa Machi waratibu wa mpango wa fidia huendesha magari yao kando ya mashamba ya maziwa ya San Joaquin, vioo vikiwa vimeshushwa, wakisikiliza kilio cha paka.